Mama wa viazi, michango ya msiba na mfumo uliokataa: kisa kimoja cha Mwanjelwa

Kila nikikaa kwenye mazungumzo ya akili mnemba (AI) nasikia wasomi wanasema wananchi hawaiamini kwasababu hawaielewi, dawa ni elimu, watu wafundishwe inavyofanya kazi na wataizoea. Mimi sikubali, na sababu yangu ni kisa kimoja nilichokishika mwenyewe hapa Mbeya. Mimi ni msaidizi wa kisheria, wale tunaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, kazi yangu kubwa ni mashamba, mirathi na matunzo ya watoto, yaani sikutegemea kabisa kuletewa mgogoro wa mama muuza viazi na mashine. Nitakieleza chote mpaka kilipofikia. Jina la mama nimeliacha, kampuni pia sizitaji.

Mama anafanya biashara ya viazi mviringo. Alfajiri anapanda milima ya Uporoto, ananunua shambani, anashusha mjini, vingine vinauzwa soko la Mwanjelwa na vingine vinapakiwa kwenda Dar. Hii biashara inataka hela mkononi kwasababu mkulima wa Uporoto hakupi viazi kwa maneno, unalipa hapohapo shambani kabla gunia halijashonwa, wakati mnunuzi wa mjini anakulipa baada ya siku tatu nne na wengine wanavuta mpaka wiki. Hilo pengo la katikati ndo mama alikuwa analiziba kwa mkopo wa simu. Alianza na elfu ishirini, akawa anarudisha kabla ya siku, kiwango kikawa kinapanda taratibu mpaka laki saba. Hana hati ya nyumba, hana mdhamini mwenye mshahara, na kabla ya simu hakuna benki iliyowahi hata kumuuliza anafanya biashara gani. Kwahiyo mtu asije akadhani huyu mama ni mpinzani wa teknolojia, yeye ndo shahidi namba moja kwamba inasaidia, miaka kadhaa alikopa na kulipa bila kumjua hata mtu mmoja wa kampuni inayomkopesha na hakuwa na wasiwasi wowote.

Mwezi wa pili ukatokea msiba mtaani kwao, jirani kafiwa na mume. Kama ilivyo kawaida kikao kikakaa, ikachaguliwa kamati, na mama akapewa uweka hazina. Sio mara yake ya kwanza, kila msiba mtaani ule huwa wanampa yeye kwasababu hesabu zake huwa hazina utata, anaandika kwenye daftari jina na kiasi, na siku ya kuvunja tanga anasoma mbele ya watu wote mpaka senti ya mwisho. Namba yake ikatangazwa, ikasambazwa kwenye magrupu, michango ikaanza kuingia kutoka kila kona, elfu mbili, elfu tano, elfu kumi, mwingine yuko Tunduma, mwingine Makambako, mwingine Dar. Ndani ya siku tatu zikapita kwenye laini yake zaidi ya milioni mbili na nusu, na zikatoka zote, kwa fundi jeneza, kwa mwenye gari, kwa mwenye maturubai, duka la mchele. Msiba ukaisha, hesabu zikasomwa, mtaa ukamshukuru.

Wiki chache baadae akaomba mkopo kama siku zote, meseji ikarudi kwamba ombi lake halijakubaliwa kwa sasa. Akajaribu kiasi kidogo, ikakataa. Akaangalia kiwango chake, sifuri.

Hapa naomba twende polepole kwasababu ndipo imani ilipovunjika. Akapiga simu huduma kwa wateja ya mtandao wa simu, wakamwambia mama sisi ni njia tu, mkopo ni wa benki. Akaenda kwenye tawi la hiyo benki mjini, kijana wa dirishani akamwangalizia akamwambia huna deni huna kosa lolote, ila alama za kukopesheka hatuzipangi sisi, zinatoka kwa mshirika wetu anayechakata taarifa za wateja. Huyo mshirika hana ofisi Mbeya, hana namba ya simu inayojulikana, jina lake mama hakuwa amewahi kulisikia toka azaliwe. Akarudi kwa wakala wake pale stendi, wakala akamjibu kwa huruma tu, "mama mfumo umekataa, ukishakataa umekataa." Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyemdanganya. Kila mmoja alisema kweli kwa upande wake, na zile kweli tatu ukizijumlisha hakuna aliyemjibu.

Mtu akinyimwa sababu anajitengenezea ya kwake. Mama kwanza alidhani kitambulisho chake cha NIDA kimetumiwa na mtu mwingine kukopa, akahangaika nacho. Halafu akadhani kuna mtu kamchongea. Nilivyoanza kufuatilia hili jambo sokoni nikagundua sio yeye peke yake, kila mfanyabiashara ana maelezo yake kuhusu jinsi mashine inavyofikiri, na maelezo hayo yameshageuka kuwa taratibu ambazo watu wanazifuata kwa uaminifu mkubwa. Yupo anayeacha laki mbili kwenye laini kila Ijumaa haigusi mpaka Jumatatu ili mfumo umwone ana hela, wakati huohuo mtaji unamkaukia. Yupo anayejitumia hela mwenyewe laini moja kwenda nyingine na makato juu, eti aonekane ana mzunguko. Yupo aliyeacha kupokea hela za kikoba kwenye namba yake kwasababu aliambiwa na mtu ambaye na yeye aliambiwa. Hawa ni watu wenye akili timamu wanaofanya hesabu ngumu za faida na hasara kila siku, wamewekwa mahali pa kubahatisha.

Na kuna sehemu inayoniuma zaidi. Mama alipokosa pale, na viazi viko shambani vinamsubiri, akapakua aplikesheni moja ya mikopo aliyoiona kwenye matangazo mtandaoni. Aliomba laki moja na nusu, ikaingia laki moja na elfu tano, nyingine wakakata kabisa mwanzoni, alipe yote ndani ya siku saba. Akachelewa siku mbili. Wakaanza kuwatumia meseji watu waliopo kwenye simu yake, kwamba huyu ni tapeli, mwambieni alipe, meseji ikafika kwa mkwe wake na kwa mwenyekiti wa jumuiya yao kanisani. Mtu ambaye mwezi mmoja nyuma mtaa mzima ulimkabidhi mamilioni ya msiba. Alivyokuja kwangu mara ya kwanza hakuja kwa sababu ya ile benki, alikuja kwa ajili ya aibu hiyo, na alikuwa analia.

Hilo la aplikesheni kisheria lilikuwa jepesi kulielewa, hata kama sio jepesi kulimaliza. Mkopeshaji wa aina hiyo anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo mahsusi kwa wanaokopesha kidijitali, halafu mwezi Novemba mwaka huohuo ikatangaza majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni wala kufuata mwongozo, wananchi waachane nazo. Tukapeleka malalamiko Benki Kuu, tawi lipo hapahapa Mbeya, na meseji zote tuliziprinti. Jirani zetu Kenya wao walishafika mbali kidogo kwenye hili, Septemba 2023 ofisi ya kamishna wao wa data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu wengine kusumbua wadaiwa. Faini ya wazi namna hiyo ina kazi kubwa kwasababu mwananchi anaona kumbe inawezekana.

Lakini niliporudi kwenye chanzo nikaona kesi yenyewe ni ile ya kwanza, ya kampuni zenye leseni, zinazofuata utaratibu, ambazo hazikumtukana mtu yeyote. Mashine ilikataa kimyakimya na ule ukimya ndo ukamsukuma mama kwa matapeli.

Nchi yetu haina sheria moja inayoitwa ya akili mnemba, na watu wengi wakishasikia hivyo wanahitimisha kwamba basi hakuna sheria. Sio kweli. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia tarehe 3 Aprili 2024. Ndani yake kuna kifungu cha 36, na nawaomba wasaidizi wa kisheria wenzangu mkisome leo hii. Kinazungumzia maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake bila binadamu. Kinasema, kwa maneno yangu, kwamba una haki ya kumtaka anayeshikilia taarifa zako ahakikishe uamuzi unaokuathiri kwa kiasi kikubwa hautegemei mashine tupu, na kama umeshafanyika kwa namna hiyo anatakiwa akujulishe mapema inavyowezekana kwamba ndivyo ulivyofanyika, na wewe unaweza kudai uangaliwe upya. Mbali na hapo kuna haki ya kupata taarifa zako na haki ya kutaka zirekebishwe zikiwa na kasoro.

Nilipomsomea mama aliniambia, "kumbe ninaruhusiwa kuuliza?" Nikamwambia ndio mama, unaruhusiwa, na wao wanatakiwa wakujibu. Sheria unaisoma kwa Kiswahili. Vigezo na masharti ya ile huduma aliyokuwa anatumia, ambayo ndo yanamhusu kila siku, yameandikwa kwa Kiingereza, marefu, na yanafunguka kwenye kioo cha simu yenye ukubwa wa kiganja.

Tukaandika barua kwenda benki, nakala kwa mtandao wa simu. Niliamua iende benki kwanza kwasababu ndiyo iliyotoa hela na jina lake ndilo lipo kwenye mkataba, huwezi kumsumbua mteja akatafute mchakataji asiyemjua. Tuliuliza kama uamuzi wa kushusha kiwango chake mpaka sifuri ulifanywa na mashine bila mtu kuuangalia, tukaomba tuelezwe ni taarifa zipi zake zilizotumika, na tukadai uamuzi huo uangaliwe upya na binadamu. Barua ya ukurasa mmoja tu, imetaja kifungu, haina hasira.

Kwanza kimya. Tukakumbushia, safari hii tukaandika kwamba hatua inayofuata ni Tume. Baada ya hapo ndo akapigiwa simu na binti mmoja, mwenye adabu sana, akamuuliza maswali ya kawaida kabisa, biashara gani, msimu ukoje, na kisha, mama mwezi wa pili kuna hela nyingi ziliingia kwako kutoka namba nyingi tofauti na zikatoka haraka, ilikuwa nini? Mama akamwambia ni msiba, mwanangu, nilikuwa mweka hazina. Binti akanyamaza kidogo, akasema pole sana mama, kumbe ni hivyo, huku kwetu inasoma kama laini imebadilika matumizi.

Kwahiyo mambo ndo yalikuwa hivyo. Hela ndogondogo kutoka namba nyingi zisizofahamiana, zinakusanyika siku mbili tatu, zinatoka kwa mafungu makubwa, laini inabaki tupu. Kwa mtambo uliofundishwa kutafuta matapeli, hiyo ndo sura ya tapeli. Kwa mtu yeyote aliyekulia Mbeya, Iringa, Njombe au popote nchi hii, hiyo ni sura ya mweka hazina wa msiba. Tabia ileile iliyoufanya mtaa umwamini ndiyo iliyoifanya mashine imkatae, na hakuna hesabu yoyote kwenye huo mtambo iliyokosewa, kila muamala ulisomwa sawasawa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali moja, ilikuwa nini? Hilo swali lilichukua chini ya dakika kumi na halikuhitaji mtaalamu wa kompyuta.

Wakamuomba uthibitisho. Mama alikuwa na daftari, kila jina na kila shilingi, mimi mwenyewe nikamwambia tupige picha tutume. Akakataa. Akasema hayo ni majina ya watu, mwingine ametoa elfu moja, sio vizuri watu wa mbali wajue fulani ametoa elfu moja. Na alikuwa sahihi hata kisheria, wale wachangiaji na wao wana taarifa zao binafsi, hawakuchangia ili zipelekwe benki. Tukatuma jumla tu pamoja na barua ya mtendaji wa mtaa inayothibitisha msiba na nafasi yake kwenye kamati. Nimewahi kukaa kwenye semina za ulinzi wa taarifa na sijaona mtu aliyelielewa jambo lile kwa usafi kama yule mama.

Kiwango kikarudi. Sio laki saba, laki tatu, na maelezo ya mdomo kwamba mfumo utamsoma upya taratibu akiendelea kulipa vizuri. Barua ya benki iliyokuja baadae ilikuwa fupi, inasema ombi lake limepitiwa na kiwango kimerekebishwa. Haikusema kama uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mashine peke yake. Haikusema ni taarifa gani zilitumika. Yaani yale tuliyoyaambiwa kwenye simu hayapo kwenye karatasi.

Nimewasikiliza pia watu wa upande ule, maana sio haki kuandika kisa cha upande mmoja. Hoja yao ya kwanza ni kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kukopeshwa, mkopeshaji anaweza kukataa na hela ni ya kwake. Ni kweli, na hatukudai akopeshwe. Tulidai aelezwe na asikilizwe, na hayo ni mambo mawili tofauti na mkopo. Hoja ya pili ina uzito zaidi, wanasema tukifichua vigezo watu watavichezea. Hapa jibu langu ni lile nililoliona sokoni, watu tayari wanavichezea, ila wanavichezea kwa kubahatisha na wanaumia bila faida kwa yeyote. Halafu hakuna aliyeomba fomyula. Kumwambia mtu "miamala yako ya mwezi wa pili imetutia shaka, una maelezo?" hakufichui siri ya biashara hata kidogo. Tapeli halisi hatakuwa na barua ya mtendaji.

Hoja ya tatu, ile ya kurushiana mpira, kwamba alama zinatoka kwa mshirika, naona ndo itakayotusumbua miaka inayokuja. Huko Ulaya ilishafika mahakamani. Tarehe 7 Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi iliyohusu SCHUFA, kampuni ya Ujerumani inayopanga alama za kukopesheka, ambayo ilijitetea kwamba yenyewe inatoa alama tu na anayeamua ni benki. Mahakama ikasema kama benki inaegemea sana kwenye ile alama basi kule kuipanga alama kwenyewe ni uamuzi wa mtambo, na sheria inakubana. Hukumu hiyo haitufungi sisi, lakini hoja yake inaingia akilini mwa mtu yeyote. Kama alama ndiyo inayokata, aliyeipanga asijifiche nyuma ya dirisha la mwenzake. Na Umoja wa Ulaya umeenda mbele, sheria yao ya akili mnemba iliyoanza nguvu tarehe 1 Agosti 2024 na inayotekelezwa kwa awamu, imeweka mitambo ya kupima kama mtu anakopesheka kwenye kundi la hatari kubwa, ambalo lazima lisimamiwe na binadamu.

Wapo wanaoniambia unakuza mambo, laki saba za viazi. Uholanzi ilianza na mambo ya kawaida vilevile, ruzuku ya malezi ya watoto, mamlaka ya kodi ikawa inatumia mtambo kuchagua nani achunguzwe, na uraia wa mtu ukawa moja ya vitu vinavyomwongezea alama za kushukiwa. Makumi elfu ya wazazi waliitwa wadanganyifu wakadaiwa hela ambazo hawakuwa nazo, na Januari 2021 serikali nzima ikajiuzulu. Nchi yenye shule nyingi, intaneti kila nyumba, na watu wanaoelewa kompyuta kutushinda. Kuelewa hakukuwasaidia kwasababu kila waliyemuuliza alikuwa na jibu lilelile la wakala wetu wa stendi.

Ndio maana nakataa hiyo hoja ya elimu peke yake. Chukua mizani pale Mwanjelwa. Mama hajui mizani ya kisasa inapima kwa kitu gani ndani, wala mimi sijui, na wala mkulima wa Uporoto hajui. Tunaiamini kwasababu Wakala wa Vipimo wanaihakiki kila mwaka na kubandika stika, na kwasababu ukihisi umepunjwa unajua pa kwenda kusema, na mwenye mizani anajua kwamba unajua. Siku ile stika na yule mkaguzi wakiondoka, hata ukitufundisha fizikia ya mizani miaka mitano hatutaiamini. Mtambo unaopima watu kama wanakopesheka unapima kitu kizito kuliko viazi na mpaka sasa hauna stika.

Ningependa nini kifanyike, kwa maoni yangu. Kabla ya kukimbilia sheria mpya kubwa ya akili mnemba, tuanze kubana na hii tuliyonayo. Meseji ya kukataliwa iseme palepale kwa Kiswahili kwamba uamuzi huu umefanywa na mtambo na una haki ya kuomba mtu auangalie, bonyeza namba fulani. Hiyo ni meseji moja, gharama yake ni ndogo mno, na kifungu cha 36 tayari kinataka ujulishwe. Benki Kuu na Tume wakae pamoja, kwasababu sasa hivi mwananchi analazimika kujua mwenyewe kwamba leseni ya mkopo ni kwa huyu na taarifa zake ni kwa yule. Na mitambo yenyewe ikaguliwe kabla ya kuachiwa, ipewe mifano ya maisha ya huku, misiba, vikoba, michango ya harusi, msimu wa viazi na parachichi ambapo mtu anakaa miezi bila kitu halafu hela inaingia kwa mkupuo. Mtambo usiojua msimu utamwona mkulima wa Rungwe na wa Njombe ni mtu asiye na kipato, kila mwaka, bila kuchoka.

Kinachonipa wasiwasi ni neno ridhaa. Kampuni inaweza kusema mteja alibonyeza nakubali siku ya kwanza, kwahiyo alishakubali mashine imwamulie. Mama alibonyeza akiwa shambani, mtandao unakatakata, mkulima amesimama anasubiri hela, maandishi ni ya lugha asiyoisoma. Kama hiyo itahesabika kuwa ridhaa basi kifungu kizima kinabaki pambo, kwasababu hakuna huduma ya simu isiyokuwa na kitufe cha nakubali. Hili nadhani Tume inabidi iliseme waziwazi, na haitalisema mpaka mtu apeleke malalamiko yenye jambo hilo ndani yake. Sheria imeipa meno, inaweza kutoza faini hadi shilingi milioni 100, lakini meno hayaumi kama hakuna anayelalamika.

Mama kwa sasa anaendelea na viazi, anakopa ndani ya laki tatu na kujazia kwenye kikoba. Nilimuuliza kama angependa kuachana kabisa na mkopo wa simu, akaniambia hapana, ule mkopo umenisomeshea watoto, ninachotaka ni ukinikataa niambiwe kosa langu kama mtu mzima. Wenzake sokoni wameshaanza kuja na meseji zao za kukataliwa, nami nawaandikia barua ileile ya ukurasa mmoja, na nawaambia wote jambo lilelile, usifute meseji, andika tarehe na jina la kila uliyeongea naye, na ukipigiwa simu ya maelezo omba yaje kwa maandishi.

Malalamiko yake kwa Tume tumeyaandaa na ameshasaini. Yanauliza mambo matatu, kama benki ilitakiwa kumjulisha kwamba ni mtambo ulioamua, nani kati ya benki, mtandao wa simu na yule mchakataji anawajibika kumjibu, na kama kubonyeza nakubali kwenye masharti ya Kiingereza kunamwondolea haki ya kudai binadamu auangalie uamuzi. Tumeambatanisha meseji, barua zetu, jibu fupi la benki na barua ya mtendaji. Daftari la michango hatukuliweka, tumeandika tu kwamba lipo kwa mama, na Tume wakilihitaji waje walisome hapahapa Mbeya mbele yake.